Kitimoto ya pilipili kwa wageni: pilipili niiweke saa ngapi?

Shemeji wa Masasi: Habari za jioni wanajamvi. Jumamosi shemeji zangu wanakuja kutoka Ndanda na wameshaagiza kabisa: wanataka mdudu, yaani nyama ya nguruwe, wa pilipili, si ule wa chumvi na ndimu wa baa. Nina kilo mbili za bega, lina mafuta ya kutosha, na jiko moja la mkaa. Pilipili kichaa ikigusa mafuta ya moto, nyumba nzima inakohoa. Wengine wananiambia niiweke mwanzo na viungo, wengine mwishoni. Nifuate lipi? Na pembeni niweke nini kisichonisumbua?

Mzee wa Rosti: Igawe mara mbili, dada. Nusu twanga na kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, paka nyama, iache saa moja au mbili. Bandika bila mafuta, weka maji kikombe, funika. Hapo hakuna kinachoungua, kwa hiyo hakuna wa kukohoa. Maji yakikauka nyama itaanza kujikaanga kwa mafuta yake. Toa mkaa kidogo, geuza taratibu hadi iwe ya kahawia. Nusu iliyobaki ikate, itupie na vitunguu na hoho dakika za mwisho. Ndimu wakamulie mezani.

Kijana wa Newala: Mzee kamaliza, ila hoho napinga. Inatoa maji, nyama iliyokwisha kukauka inarudi kuwa mchuzi. Kitunguu kinatosha.

Mzee wa Rosti: Inatoa maji kwa anayefunika sufuria, kijana.

Nesi Mstaafu: Nyama ina mhuri wa mkaguzi? Ukikata ukaona vipunje vyeupe kama mchele katikati ya msuli, usipike, hiyo ni minyoo ya tegu. Na msidanganyane kwamba pilipili au ndimu inaua minyoo hiyo. Kinachoua ni moto. Pande ziwe ndogo, ziive hadi katikati, kusibaki wekundu. Hatua ya kuchemsha isirukwe hata wageni wakiwa na njaa.

Mpangaji wa Chikongola: Kama umepanga na majirani ni Waislamu, usiazime chombo, hata mwiko. Huku Mtwara mjini vyombo vyangu vya kitimoto nimevitenga na hatujawahi kugombana.

Kijana wa Newala: Pembeni ni ugali wa muhogo tu, na kachumbari. Kitunguu kioshe kwa chumvi kwanza, embe bichi chache ukipata. Kachumbari usiitie pilipili, iache ipoze mdomo.

Shemeji wa Masasi: Asanteni sana. Nimepanga ndani ya geti letu peke yetu, mhuri nimeuona. Hoho nitaiacha, Mzee unisamehe. Yale mafuta yatakayobaki nimwage?

Mzee wa Rosti: Usimwage! Chuja, weka kwenye kopo. Jumapili asubuhi chemsha muhogo, ukaangie humo.