Joto na mvua huzaa boksiti: mbona kando ya ziwa tunachimba moramu tu?

Mwalimu wa Nyegezi:
Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha jiografia hapa Mwanza. Juzi nilikuwa nikieleza maliasili za nchi zenye joto na mvua nyingi, nikataja mpira, mbao ngumu, michikichi na boksiti (mawe yanayotolewa alumini), ndipo mwanafunzi aliyeketi karibu na dirisha akanionyesha lori lililokuwa likimwaga moramu barabarani. Akauliza: ikiwa joto na mvua ndivyo vinavyotengeneza boksiti, sisi tulio chini ya digrii 3 kutoka Ikweta tumekosa nini? Kitabu kinasema tu kwamba madini hayo hupatikana katika tropiki, na hilo si jibu. Nimemwahidi maelezo Jumatatu, naomba msaada.

Mpima Udongo:
Mwalimu, huyo mtoto amelikaribia jibu kuliko anavyojua, kwa sababu moramu na boksiti ni ndugu wa tumbo moja. Maji ya mvua yakipenya katika mwamba wa nchi ya joto kwa muda mrefu mno, huondoa kwanza kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, kisha taratibu huondoa silika (kiambato kikuu cha mchanga). Kinachogoma kuyeyuka ni chuma na alumini. Chuma kikitawala mnapata moramu, na alumini ikitawala baada ya silika karibu yote kuondoka, mnapata boksiti.

Kikwazo chetu kikubwa ni mwamba wenyewe, yaani graniti. Okota kipande cha jiwe kwa wapiga kokoto ukigeuze juani: zile chembe zinazong'aa kama vioo ni kwatzi, yaani silika tupu, nayo huyeyuka kwa shida sana. Graniti ikioza, kwatzi hubaki kuwa mchanga, ule ule ambao wakulima wa Kisukuma huuita luseni. Guinea, yenye takriban robo ya akiba ya boksiti inayojulikana duniani, ina mvua kubwa kuliko yetu, miamba mingi yenye silika kidogo, na nyanda zilizoinuka ambako maji hayatuami. (Dhahabu ya Geita isiingizwe katika hesabu hii, ilitokana na maji moto ya chini sana ardhini, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, na mvua haikuhusika.)

Mjukuu wa Kibanja:
Nakubaliana na Mpima Udongo, lakini namsihi Mwalimu asiwaache watoto wakidhani kwamba mvua nyingi ni neema tupu. Kwetu Bukoba hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na mvua hiyo imeiosha ardhi mpaka imechujuka. Katika kibanja cha babu, chini ya migomba, udongo ni mweusi na hushikamana mkononi. Ukitoka hatua chache tu kuingia rweya, yaani uwanda wa nyasi usiolimwa, unakanyaga udongo hafifu wenye nyasi fupi ambao mahindi yake hayafiki kiunoni. Mvua ni ile ile. Tofauti imeletwa na samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa shambani, kizazi baada ya kizazi.

Msitu wa Kongo nao, sehemu kubwa, huishi hivyo hivyo: rutuba imo ndani ya miti, majani yakianguka huoza upesi na mizizi huyanyonya kabla mvua haijayawahi. Anayekata na kuchoma huvuna vizuri mwanzoni, kisha shamba humtupa mkono.

Fundi wa Barabara:
Nyongeza fupi. Moramu si ya kudharauliwa. Mwaka 1807 Francis Buchanan aliandika kuhusu udongo wa namna hii huko India, ambao wenyeji waliukata ukiwa laini kisha ukawa mgumu kwa hewa na jua, wakajengea nyumba. Jina alilolitumia, laterite, alilitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya tofali. Sisi tunaumwagia maji na kuushindilia. Ukishindiliwa ukiwa mkavu, magari huutimua wote ukawa vumbi.

Mwalimu wa Nyegezi:
Nawashukuru sana. Jumatatu nitaingia darasani na kipande cha graniti, kopo la luseni na donge la moramu. Mjukuu wa Kibanja, akitokea mtu wa kwenu anayesafiri na meli wiki hii, naomba anibebee makopo mawili ya udongo, moja la kibanja na moja la rweya. Nitayapokea mwenyewe bandarini.