Mwimbaji wa miaka 337

Mjukuu (Brno): Shikamoo Babu, shikamoo Bibi, shikamoo Shangazi. Jana usiku nilitazama opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Leoš Janáček iitwayo Věc Makropulos, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika mji huuhuu wa Brno, hapa Ucheki, tarehe 18 Desemba 1926, mtunzi akiwa na miaka 72. Mwimbaji Emilia Marty anaingia katika ofisi ya wakili jijini Prague mwaka 1922, kesi ya urithi baina ya familia za Gregor na Prus ikikaribia miaka 100, naye anawasimulia habari za marehemu wa mwaka 1827 kana kwamba walikunywa chai pamoja.

Babu: Marahaba. Aliyajuaje hayo?

Mjukuu (Brno): Alikuwapo, Babu. Yeye ni Elina Makropulos, mzaliwa wa Krete, kisiwa cha Wagiriki, mwaka 1585. Baba yake, tabibu wa Kaisari Rudolf II aliyetawala kutoka Prague, alitengeneza dawa ya kumwongezea mtu miaka 300, na Kaisari akaamuru ijaribiwe kwanza kwa binti huyo, aliyekuwa na miaka 16. Tangu hapo amekuwa Elsa Müller, Eugenia Montez, Ellian MacGregor. Majina hubadilika, herufi E.M. hubaki.

Shangazi: Mimi ningeinywa bila kuuliza bei. Sauti nzuri na uzuri usiochuja, mzigo uko wapi?

Mjukuu (Brno): Albert Gregor, ambaye hajui kwamba ni wa uzao wake, anamlilia mapenzi, naye anasinzia. Kijana Janek anajiua kwa ajili yake. Habari inapomfikia anatengenezwa nywele, wala hamwambii mtumishi aache.

Bibi: Mimi nimekula chumvi ya miaka 84 tu, na nikitaka kumwita mjukuu mmoja huanza kwa kutaja wengine watatu, lakini ikija simu ya msiba, hata chai huniganda mkononi. Huyo alikwisha kufa zamani, ni mwili tu uliosahaulika huku.

Kaka: Kama maisha yamemchosha kiasi hicho, Prague alifuata nini?

Mjukuu (Brno): Karatasi ya dawa, Kaka, iliyokuwa miongoni mwa nyaraka za akina Prus, kwa sababu ile miaka imekwisha na anaogopa kufa. Aliipata kwa njia ambayo sitaiandika mbele ya Babu. Akiisha kuipata, haitaki tena. Anawagawia waliopo, wote wanaikataa, mpaka Kristina, mwimbaji chipukizi, anaipokea na kuichoma moto. Emilia anafariki akitamka “Pater hemon”, yaani Baba Yetu kwa Kigiriki.

Babu: Lugha ya utotoni. Baada ya nchi zote hizo na majina yote hayo, ndiyo iliyobaki.

Bibi: Na huyo Kristina ni mtoto wa watu mwenye akili.

Shangazi: Nami naikubali hukumu, ila naomba kujua hiyo karatasi iliandikwa kwa lugha gani.

Mjukuu (Brno): Kigiriki, Shangazi.

Shangazi: Basi ingenishinda hata kabla ya moto.