Kuimarisha injini ya Subaru EJ207 kwa shinikizo kubwa la turbo: bloku ya lita 2.0, ya lita 2.5, au bloku iliyozibwa kabisa?

Boksa_Nairobi aliandika:

Wanajukwaa, salaam. Gari langu ni Impreza WRX STI ya mwaka 2004 iliyotoka Japani, na injini yake ni EJ207 ya sentimita za ujazo 1,994, ambayo kiwandani ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280. Kwa sasa geji inaonyesha bar 1.2 ninapokanyaga mafuta hadi mwisho. Nia yangu ni kufunga turbo kubwa zaidi na kufika bar 1.7 kwa ajili ya mashindano ya kupanda vilima, huku gari likiendelea kunipeleka kazini siku za kawaida. Injini itafunguliwa hata kama nisingetaka kuongeza nguvu, kwa sababu kompresheni ya silinda ya nne imeshuka kuliko nyingine tatu.

Nimebaki na njia tatu mezani. Ya kwanza ni kuhifadhi bloku yangu ya lita 2.0 (mwili wa injini wenye silinda) na kuiwekea pistoni na konrodi zilizofuliwa badala ya kumiminwa, bolti za hedi za kampuni ya ARP na gasketi ya tabaka kadhaa za chuma. Ya pili ni kununua bloku ya EJ257 ya lita 2.5 na kuiwekea pistoni za namna hiyo hiyo. Ya tatu ni kuagiza kutoka ng'ambo bloku ambayo uso wake umezibwa kabisa kuzunguka silinda. Moyo wangu unaegemea ya tatu, kwa kuwa wote ninaowauliza wanasema ndiyo imara kupita zote, ila bei yake itameza fedha nilizotenga kwa kazi yote. Naomba mnisaidie kulinganisha.

Karakana_Mombasa alijibu:

Ndugu Boksa, kabla ya kutazama bei tazama vipimo, kwa sababu familia hii ya injini inajieleza yenyewe kwa rula. Katika EJ zote, kitovu cha silinda moja kiko mm 113 kutoka kitovu cha jirani yake wa upande uleule. Silinda ya lita 2.0 ina kipenyo cha mm 92, kwa hiyo baina ya silinda mbili hubaki mm 21 za kugawana kati ya chuma na maji ya kupozea. Silinda ya lita 2.5 ina kipenyo cha mm 99.5, na nafasi hiyo hupungua hadi mm 13.5. Gasketi ya hedi inakaa juu ya nafasi hiyohiyo, na ndiyo sababu injini kubwa ikipewa shinikizo kubwa huanza kulalamika kwenye gasketi mapema.

Tazama pia pistoni. Eneo la juu la pistoni ya mm 92 ni takribani sentimita za mraba 66.5, na la pistoni ya mm 99.5 ni karibu 77.8. Shinikizo ndani ya silinda likifika bar 100 wakati wa mwako, pistoni ndogo husukumwa kwa nguvu inayokaribia tani 6.8 na kubwa kwa karibu tani 7.9. Konrodi, beringi na bolti za hedi hubeba tofauti hiyo katika kila mwako.

Jambo la tatu ni mwendo wa pistoni. EJ207 ina msafara (umbali ambao pistoni husafiri ndani ya silinda) wa mm 75 na ilitengenezwa izunguke hadi mizunguko 8,000 kwa dakika, ambapo wastani wa mwendo wa pistoni ni mita 20 kwa sekunde. EJ257 yenye msafara wa mm 79 ikizungushwa hivyo hupita mita 21. Mimi ningebaki na lita 2.0 bila kusita.

Nyota_Muscat alijibu:

Nakubaliana na vipimo vya fundi wa Mombasa, lakini nadhani hesabu imeishia katikati. Bar 1.7 si lengo. Lengo ni kiasi cha hewa kinachoingia ndani ya injini, na shinikizo ni njia mojawapo tu ya kukipata.

Hewa ya Nairobi ina shinikizo la takribani bar 0.82. Ukiongeza bar 1.7 za turbo, shinikizo kamili ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, ni bar 2.52. Injini ya sentimita za ujazo 2,457 ni kubwa kuliko yako kwa asilimia 23, kwa hiyo ili ivute hewa ileile kwa mzunguko uleule inahitaji shinikizo kamili la bar 2.05, yaani geji isome bar 1.2 tu, pale pale ulipo leo. Na kwa kuwa hewa imebanwa kwa kiasi kidogo kuliko kwenye lita 2.0, shinikizo la mwako nalo hupungua, kiasi kwamba ule uzito wa ziada juu ya pistoni kubwa unafutika karibu wote. Juu ya hayo, turbo kubwa huamka mapema kwenye lita 2.5, na kwa mtu anayekwenda kazini na gari lake hilo ni jambo la kila asubuhi.

Sharti langu ni moja: pistoni za kiwandani za EJ257 zisibaki humo. Ni za aluminiamu iliyomiminwa yenye silikoni nyingi, na kuta nyembamba zilizo kati ya mifereji ya ringi huvunjika injini inapogonga kwa sababu ya joto au mafuta duni. Huku Oman, ambako hewa ya kiangazi hupita nyuzi 45, nimeshuhudia pistoni za namna hiyo zikitolewa vipande kutoka kwenye magari ambayo hayakuwahi kuongezewa nguvu kubwa.

Shamba_Eldoret alijibu:

Kabla hamjaendelea, hedi zake ni za lita 2.0. Vyumba vya mwako vimechongwa kwa silinda ya mm 92, na vikikaa juu ya silinda ya mm 99.5 kunabaki ukingo unaoning'inia pembeni, na uwiano wa kompresheni hubadilika. Ama hedi zichongwe upya, ama anunue za EJ257 pia. Gharama ya njia ya pili isihesabiwe kwa bloku peke yake.

Mlima_Arusha alijibu:

Ndugu wa Muscat ametaja hewa ya Nairobi, nami ningependa tukae hapo, kwa sababu sisi wa nyanda za juu hunakili vipimo vya watu wanaoishi usawa wa bahari na kisha tunashangaa injini zinapokufa.

Turbo haijui geji yako inasoma nini. Inachojua ni mara ngapi inalazimika kuibana hewa iliyoikuta. Mombasa, bar 1.7 kwenye geji ni kuibana hewa mara 2.7. Nairobi, bar 1.7 ileile ni kuibana mara 3.07. Tukichukulia kwamba kompresa inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 72, hewa ya Nairobi hupanda joto kwa takribani nyuzi 156 kabla ya kuingia kwenye intakula, yaani kipoza hewa ya turbo. Na ufanisi wenyewe hushuka kompresa inaposukumwa nje ya eneo lake zuri, kwa hiyo hali halisi inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa mpango wa lita 2.5 na bar 1.2, hewa ingepanda kwa takribani nyuzi 123. Tofauti ya nyuzi 33 si ndogo kwa injini inayokunywa petroli ya kwetu.

Petroli ndiyo hasa inayonisumbua katika mjadala huu. STI ya Japani ilipangiwa petroli ya oktani ya juu ya kwao, inayokaribia RON 100 (RON ni kipimo cha oktani), ilhali vituo vyetu vingi huuza RON 93 au 95. Injini ikianza kugonga, mchanganyiko hulipuka wenyewe mbele ya moto wa plagi na mawimbi yake hupiga pistoni kama nyundo. Pistoni iliyofuliwa itavumilia mapigo mengi kuliko iliyomiminwa, lakini haitayaondoa. Itakayofuata ni gasketi, kisha beringi.

Kwa hiyo mimi ningetenga fedha kwanza kwa intakula kubwa ya mbele, injekta na pampu ya mafuta ya kutosha, kifaa cha kunyunyizia maji na methanoli kabla ya manifoldi, na fundi wa kupanga kompyuta ambaye atalitengeneza gari hapo Nairobi kwa petroli utakayonunua mwenyewe. Asiwe mtu wa kukutumia faili kutoka mbali. Uwiano wa hewa na mafuta chini ya shinikizo ukae karibu na 11 kwa 1, na wakati wa cheche urudishwe nyuma hadi mlio wa kugonga utoweke kabisa kwenye vipokea sauti vya masikioni vya fundi.

Na tukumbuke kwamba Impreza ya dereva wa mbio Colin McRae iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 ilipumua kupitia kizuizi cha hewa cha mm 34, kama sheria za mashindano zilivyotaka. Kwa hewa kidogo namna hiyo, ushindi ulitokana na toki ya chini (nguvu ya kuzungusha inayopatikana injini ikiwa bado polepole), upoaji na uvumilivu wa gari zima.

Karakana_Mombasa alijibu:

Hesabu ya Muscat naikubali, na nimeirudia mwenyewe nikaiona ni sahihi. Hata hivyo ina sharti lililofichika, kwamba mwenye gari atabaki kwenye bar 1.2 miaka yote. Ndugu Boksa amefungua mada kwa kusema anataka shinikizo kubwa, na nimekaa gereji muda wa kutosha kujua kwamba aliyezoea nguvu fulani huomba nyingine. Siku atakapoomba, bloku ya lita 2.0 itakuwa na chuma cha kumpa, na ile nyingine itakuwa imeshafika kwenye gasketi.

Sasa niseme kuhusu bloku iliyozibwa kabisa. EJ207 yako tayari imezibwa nusu: silinda zimeshikwa juu kwa madaraja ya aluminiamu, tofauti na bloku wazi ambazo silinda zake zimesimama peke yake ndani ya maji na hutikisika mwako unapokuwa mkali. Kuziba kabisa huondoa mtikisiko uliobaki, lakini pia hupunguza njia ya maji pale juu ya silinda, ambapo joto ni kali kuliko mahali pengine pote. Ukiwa na lengo la bar 1.7, unalipia uimara ambao hutaugusa.

Fedha hiyo ipeleke kwenye uchongaji. Bloku ya EJ hubadilika umbo hedi inapokazwa, kwa hiyo silinda zichongwe zikiwa zimefungwa bamba nene la chuma lililokazwa kwa bolti zilezile na kwa toki ileile itakayotumika mwishoni. Bila bamba hilo, tundu lililokuwa duara mezani litakuwa yai baada ya kufungwa. Uliza pia pistoni zako ni za aloi gani. Aloi ya aluminiamu ya 2618 huvumilia mapigo vizuri lakini hutanuka sana, hivyo huhitaji nafasi kubwa kati ya pistoni na ukuta, mara nyingi kati ya mm 0.07 na 0.09 kulingana na mtengenezaji, na utasikia pistoni zikigonga ukuta kila asubuhi injini ikiwa baridi. Aloi ya 4032 ina silikoni zaidi, hukaa kimya na hudumu zaidi kwa safari za kila siku, ingawa haisamehi sana injini inapogonga. Kwa matumizi yako mchanganyiko, na kwa petroli aliyoieleza ndugu wa Arusha, ningechagua 2618 na kuvumilia kelele. Mwanya wa ringi ya juu uwe takribani nusu milimita, maana ringi zikipata moto ncha zake zikakutana, hupasua pistoni hata kama ni ya bei gani.

Bandari_Dar alijibu:

Hakuna aliyegusa oili, nami nimelipa gharama kubwa kwa kutoigusa. Injini yangu ilikuwa na konrodi na pistoni zilizofuliwa, imepangwa vizuri, haikugonga hata mara moja. Iliharibika kwenye kona ndefu. Bomba la kunyonya oili ndani ya karta (bakuli la oili chini ya injini) lilikuwa na ufa kwenye ungio lake, pampu ikavuta hewa, na beringi ya konrodi ikazunguka ndani ya makazi yake. Fundi aliyeijenga alibadilisha kila kitu isipokuwa bomba hilo, kwa kuwa kwa macho lilionekana zima.

Bomba hili linajulikana kwa udhaifu huo katika injini za EJ. Nakuomba, ndugu yangu, uweke bomba lililoimarishwa, bamba la kuzuia oili kukimbilia upande mmoja wa karta, na geji ya shinikizo la oili mahali ambapo jicho lako litaiona ukiwa kwenye kona. Kagua pia kichujio kidogo kilichomo ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba, turbo yako mpya haitamaliza mwezi.

Boksa_Nairobi aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimeirudia hesabu ya Nairobi kwa karatasi mara mbili, na nimeona kwamba bar 1.7 niliyoitaja niliichukua kutoka kwa mtu anayeendesha pwani.

Nitabaki na bloku yangu ya lita 2.0. Pistoni zitakuwa za 2618, pamoja na konrodi zilizofuliwa, bolti za ARP za mm 11 na gasketi ya tabaka za chuma, na karakana itakayokubali kazi hii lazima inionyeshe bamba la kukazia kabla sijaacha bloku kwao. Bomba la oili na bamba la karta nimeshaviagiza. Fedha zilizokuwa za bloku iliyozibwa zitakwenda kwenye intakula, injekta na kifaa cha maji na methanoli.

Kuhusu shinikizo, tutaanza bar 1.2 kwa kilomita 1,500 za mwanzo baada ya injini kuzoea, kisha tutapanda kidogo kidogo hadi bar 1.4 na kusikiliza. Nyota_Muscat, hoja yako ya lita 2.5 ilikaribia kunigeuza, na isingekuwa gharama ya hedi ningeifuata. Nitaweka hapa vipimo vya silinda bloku ikitoka kuchongwa, pamoja na picha ya pistoni ya namba nne, ili tujue pamoja kwa nini kompresheni yake ilishuka.