Ukuta wa chumbani umevimba, rangi inabanduka

Wakuu, ukuta unaopakana na bafu umevimba kwa chini, rangi inabanduka kama maganda na kuna unga mweupe, nimepaka upya mara mbili lakini wapi. Nifanyeje?

Fundi bomba: Acha kupaka mkuu. Funga koki zote za ndani halafu kacheki mita, kale kagurudumu kadogo kakizunguka ujue bomba linavuja ukutani.

Mpangaji: Yangu mita ilitulia tuli, kumbe ni bomba la maji machafu, linavuja mkioga tu 😅

Fundi bomba: Nayo ipo hiyo. Ukishaziba, gonga plasta iliyooza mpaka tofali, acha wiki kadhaa likauke madirisha wazi ndo upige plasta na rangi.

Muulizaji: Duh, kanazunguka. Kesho fundi anakuja na patasi.