Mjadala: Shimo jeusi lina kipara kweli au tumekariri tu?

MTOA MADA: Wadau, kuna sentensi imekaririwa mpaka inaudhi, eti "shimo jeusi halina nywele", shimo jeusi likiwa ni kile kitu angani chenye mvutano mkali mpaka hata mwanga hautoki. Aliyeieneza ni mwanafizikia Mmarekani John Wheeler, na maana yake shimo likishatulia unalijua lote kwa namba tatu tu, masi, chaji na linavyozunguka, hayo mengine liwe limemeza nyota au magunia ya mahindi huwezi kuyajua ukiwa nje. Nywele ni chochote cha ziada kinachobaki kimening'inia nje. Sasa watu wanaisema kama sheria ya asili, mimi nasema ni hesabu yenye masharti, legeza moja tu nywele zinaota.

Chukua uga skala. Ni kitu ambacho kila sehemu kina namba moja basi, hakina mwelekeo. Pima joto jikoni kwako, karibu na jiko la mkaa 45, mlangoni 29, dirishani 27, hiyo skala, upepo siyo maana upepo una upande unakoelekea. Mwanafizikia Jacob Bekenstein mwaka 1972 alionyesha uga wa hivyo hauwezi kukaa nje ya shimo, ama umezwe ama utawanyike. Sawa, lakini sharti lake lilikuwa uga usibadilike na wakati. Mwaka 2014 wanafizikia Carlos Herdeiro na Eugen Radu, wako Aveiro kule Ureno, wakaleta kwa hesabu shimo linalozunguka lenye uga unaopanda na kushuka kama wimbi huku nishati yake imetulia tuli, na wimbi linazunguka sambamba na shimo lenyewe kwa hiyo hakuna kinachoingia wala kutoka. Nywele hizo, na milinganyo ya Einstein hawakuigusa hata herufi.

MDAU 1: Mkuu hesabu tamu ila uga wenyewe uko wapi? Skala ya msingi tuliyowahi kuiona ni moja, chembe ya Higgs, maabara ya CERN walitangaza Julai 2012, na ile nzito mno, na chembe ikiwa nzito wimbi lake linakuwa fupi, la Higgs ni fupi kuliko hata kiini cha atomu, itakaaje kama nywele kwenye shimo lenye nusu kipenyo cha kilomita 30? Nywele zako zinataka chembe nyepesi sana, wimbi lake lilingane na shimo. Nani kaiona? Alafu tarehe 14 Januari 2025 LIGO, vituo vya Marekani vya kunasa mawimbi ya mvutano, walinasa mashimo mawili yakigongana, kila moja lina masi ya kama jua 30 na ushee, lililozaliwa likalia kama kengele, milio zaidi ya mmoja ikasikika na yote ikakubaliana na shimo la kawaida la Kerr, yaani linalozunguka na halina nywele. Kipara safi.

MTOA MADA: Higgs nakubali, haimo. Ila mlio ule una kiasi chake cha makosa ya vipimo, nywele fupi zinapita humo bila mtu kujua. Huwezi kumtazama mtu toka ng'ambo ya barabara ukasema hana chawa.

MDAU 2: Ndugu zangu mbona mnazitafuta nywele zenyewe wakati kuna njia ya kuzunguka? Tangu mwanafizikia Zel'dovich mwaka 1971 inajulikana wimbi likipita karibu na kitu kinachozunguka kwa kasi linaweza kutoka na nishati zaidi ya lililoingia nayo, limeiiba kwenye mzunguko. Sasa kama chembe yake ina masi kidogo wimbi haliwezi kukimbia, linavutwa, linarudi kuiba tena, na tena, mpaka shimo linachoka linapunguza kasi. Kwa hiyo nyie tafuteni mashimo yenye kasi kubwa. Shimo liitwalo Cygnus X-1 lina masi ya kama jua 21 na limepimwa linazunguka karibu na kikomo kabisa, maana yake chembe za uzito ule ambao ungelipunguza kasi hazipo. Hoja imefungwa.

MTOA MADA: Haijafungwa bana. Kasi hiyo imepimwaje? Kwa eksrei za gesi ya moto inayozunguka shimo, na modeli wanayotumia kusoma hizo eksrei tangu mwanzo inachukulia shimo ni la Kerr, kipara. Umemnyoa mwenyewe, alafu unatuita tuje tuone hana nywele.