Naombeni ushauri: plot ya Gayaza, ni kibanja tu, hati hakuna

Habari wakuu, nimechoka kupanga Kampala, sasa nimepata plot futi 50 kwa 100 huko Gayaza, migomba ipo, mfenesi mmoja mkubwa umeinamia njia, mama watoto keshaanza kuhesabu kuku atakaofuga. Shida ni ardhi ya mailo (ya mtu binafsi mwenye hati) na anayeuza ana kibanja tu, yaani haki ya kukaa na kutumia ardhi ya mwenye hati, ananionyesha karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na risiti za busuulu, kodi ya mwaka anayolipwa mwenye ardhi, lakini mwenye hati sijamuona na najua bila ridhaa yake naweza kulia baadaye. Foleni ya magari ya Kalerwe, njiani kuingia mjini asubuhi, nitaivumilia. Waliowahi kununua kibanja, mlimpataje mwenye ardhi, na mlilipa kabla au baada ya yeye kusaini? Dalali ananisukuma nilipe wiki hii.