Ukwaju: tui linakatika, viazi haviivi, juisi ina ukakasi

mpishi_mgeni: Wakuu, mchuzi wa samaki wa nazi nikiutia ukwaju tui linakatika. Viazi vya urojo vinachemka saa nzima na bado vigumu. Na juisi inakwaruza koo hata nikiongeza sukari. Nakosea wapi?

kata_na_upawa: Juisi kwanza. Bila shaka unasaga kwenye blenda pamoja na kokwa. Kokwa zikivunjika hutoa ukakasi, na sukari hupunguza uchachu tu, ukakasi haiuwezi. Roweka gramu 200 za ukwaju kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, vuruga kwa vidole mpaka nyama iachane na kokwa, kisha chuja. Makapi yatie maji kidogo ukamue tena, bado yana kitu. Ongeza maji yafike lita moja na nusu, sukari gramu 150, chembe ya chumvi. Onja ukwaju kabla: ule wa kushindiliwa kama tofali mara nyingine umeshatiwa chumvi.

mama_mchuzi: Viazi ni suala la mpangilio. Uchachu hukaza ile gundi inayoshikanisha kiazi (pektini), kwa hiyo ukitia ukwaju mapema hakilainiki hata ukimaliza gesi. Chemsha mpaka kisu kipite, ndipo utie ukwaju. Maharage na dengu vilevile.

Tui nalo halipendi uchachu na moto mkali kwa pamoja. Kwa samaki wa kilo moja: kaanga kitunguu, thomu na nyanya, tia tui jepesi vikombe viwili na vijiko vitatu vya chakula vya rojo zito la ukwaju. Likichemka weka samaki, dakika 8 hadi 10. Tui zito kikombe kimoja liingie mwisho, moto mdogo, ukikoroga taratibu upande mmoja. Likianza kutokota kingoni, epua. Kulifunika na kuliacha lichemke ndiko kunakolikata.

mpishi_mgeni: Ahsanteni. Na chatini ya kuchovea, ile tamu-chachu?

kata_na_upawa: Rojo la gramu 200 za ukwaju, tende gramu 150 zisizo kokwa, sukari guru gramu 100, maji kikombe kimoja. Chemsha moto mdogo dakika 20, saga, kisha tia bizari nyembamba ya kukaanga kijiko kimoja cha chai, pilipili na chumvi. Epua ikiwa bado nyepesi kidogo, maana ikipoa huganda zaidi. Ukingoja iwe nzito jikoni, kesho utaikata kwa kisu.

mama_mchuzi: Na usiipikie wala kuiweka kwenye sufuria ya alumini. Uchachu hula alumini, chatini ikapata ladha ya bati. Tumia sufuria ya stili, hifadhi kwenye chupa ya kioo.